Shangazi, natengeneza vibao lakini moyo wangu uko makumbusho

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Old Moshi, kwa sasa naishi Sombetini hapa Arusha. Nilisoma stashahada ya ujenzi, ajira ikakosekana, na huu ni mwaka wa tatu niko kwenye karakana ya mabango Unga Limited. Tunatengeneza vibao vya maduka, stika za magari ya watalii, mabango ya shule na ya harusi. Kukata plaiwudi, kupiga msasa, kuchomelea fremu, kuandika herufi kwa brashi umeme ukikatika, vyote naviweza. Bosi ananilipa kwa kazi. Mwezi ukiwa mzuri napata laki tatu, ukiwa mbaya laki na nusu.

Mwaka jana niliombwa kuwasindikiza watoto wa Sunday school kwenda Makumbusho ya Elimu Viumbe, pale kwenye boma la Wajerumani. Nimepita nje ya lile geti miaka yote, ila kuingia nilikuwa sijaingia. Tulipofika kwenye historia ya binadamu, mwongozaji alitusimulia nyayo za Laetoli: kwamba zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita kuna waliotembea juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua, na alama za miguu yao zipo mpaka leo. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza akavua kandambili, akainua mguu, akauliza, "Zilikuwa kubwa kuliko huu?"

Wenzangu walicheka. Mimi lile swali lilinikaa kooni. Jioni niliingia mtandaoni nikasoma kwamba nyayo ndogo zina urefu wa kama sentimita 18 na zile kubwa kama 21. Jumapili nikampima yule mtoto kwa futi kamba. Sentimita 18 na nusu. Shangazi, mwili ulinisisimka.

Basi nikatengeneza boksi la plaiwudi, urefu mita mbili, upana nusu mita. Nikalijaza mchanga, saruji na jivu la jikoni, na kabla halijakauka nikachonga nyayo tano kwa kijiko. Nililiweka sakafuni nyuma ya kanisa, nikaandika kibao cha maneno manne tu: "Weka mguu wako hapa." Watoto walipanga foleni. Baadaye akaja bibi mmoja wa umoja wa akina mama, akavua viatu, akakanyaga unyayo wa kwanza mpaka wa tano, akafika mwisho akasimama pale kimya muda mrefu. Tangu siku ile naijua kazi ninayoitaka. Nataka kubuni maonesho ya makumbusho, na hata ya bustani za wanyama, yale yanayomfanya mtu asimame hivyo.

Ila nimekwama. Mapema mwaka huu mwenye kambi moja ya watalii, njia ya kwenda Karatu, alisikia habari zangu akaniomba nimbunie chumba cha kuonesha wanyama na mila. Nilienda kwa nauli yangu, nikapima, nikachora karatasi kumi na moja kwa Jumapili tatu. Alizipokea, akasema, "Nitakupigia." Hakupiga. Mwezi wa tatu jirani yangu alikwenda pale kufunga madirisha, akanitumia picha. Ni michoro yangu, Shangazi. Hata kosa nililofanya kwenye kabati la tatu, nililochora fupi kwa sentimita kumi, wamelijenga vilevile.

Baba ni mwalimu mstaafu. Nilipomweleza alisema, "Nilikusomesha ujenzi ili uje kuchezea udongo?" Hajanipigia wiki ya tatu hii. Mjomba amenitafutia nafasi ya mapokezi kwenye ofisi ya utalii mjini, laki nne na nusu kwa mwezi, mkataba wa mwaka, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Upande mwingine nimeona mafunzo ya mtandaoni ya wiki kumi na mbili, wanaahidi "cheti cha kimataifa cha usanifu wa maonesho" kwa milioni moja na laki nane. Akiba yangu yote ni milioni mbili na laki moja.

Kazi hii ipo kweli Tanzania, au najidanganya? Nisomee nini? Na baba nimwambie nini?

Binti wa Vibao, Sombetini

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama palepale: 18 na nusu. Ulimpima mtoto mguu kabla ya kukata ubao. Nimefanya kazi na watu ambao kwa miaka kumi hawajawahi kumpima mgeni chochote, wanapima ukuta tu. Mimi niliingia kwenye maonesho zaidi ya miaka ishirini iliyopita kwa kupaka rangi migongo ya makabati, nikaishia kubuni vyumba vizima. Kwa hiyo nitakujibu kwanza kama fundi anayezungumza na fundi.

Kazi ipo. Baba yako hajaiona kwa sababu ikifanywa vizuri inajificha. Mtu akitoka makumbusho anamkumbuka simba, hamkumbuki aliyeamua taa ya simba ikae wapi. Kule New York, kwenye makumbusho ya Historia Asilia ya Marekani, kuna ukumbi wa wanyama wa Afrika uliofunguliwa mwaka 1936, una diorama 28, yaani mandhari za wanyama zilizojengwa nyuma ya kioo. Aliyeuota, Carl Akeley, alikuwa ameshafariki miaka kumi kabla, huko Kongo. Nyuma ya kila kioo ukuta umepindishwa kama tumbo la chungu, ili jicho lisikute kona na mbingu ionekane haina mwisho. Majani mengi ni ya nta, yametengenezwa kwa mkono moja baada ya jingine. Mojawapo ya hizo diorama ni simba wa Serengeti. Watu wazima wa Marekani walikaa miezi wakitengeneza nyasi zetu ili mtoto asiyewahi kuvuka bahari asimame mbele yake. Wewe nyasi zenyewe unazifikia kwa basi la asubuhi.

Mfano wa pili ni wa kwetu kabisa, ingawa unauma. Dainosaria, yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi, ambaye Wajerumani walimchimba kati ya mwaka 1909 na 1913, leo amesimama Berlin, kimo chake mita 13.27. Walipomsimamisha upya mwaka 2007 walibadilisha mkao wa miguu ya mbele, kwa kuwa wataalamu walikuwa wameshajua kwamba haikupanuka kama ya kenge bali ilisimama wima chini ya mwili. Kila ninapofundisha kijana huwa namtajia jambo hili, kisha namwambia: funga kwa skrubu, usipigilie misumari. Unachokijenga leo kitakuja kurekebishwa na mtu anayejua zaidi yako, naye akute mahali pa kufungulia.

Na zile nyayo zako za Laetoli. Unajua kwamba wageni karibu wote wanaoziona wanaona nakala? Timu ya Mary Leakey ilizifukua mwaka 1978, nyayo kama sabini kwenye njia ya mita 27, umri wake miaka milioni 3.66. Mwaka uliofuata zikafukiwa tena ili zisiharibike. Kwenye udongo wa kufukia kulikuwa na mbegu za migunga, zikaota, mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye nyayo. Ikabidi katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wa mambo ya kale wa hapa nchini na wenzao wa taasisi ya Getty ya Marekani wafukue, waue mizizi, wafukie upya kwa tabaka za mchanga, kitambaa maalumu na mawe. Kwa hiyo kati ya mgeni na jambo lenyewe yupo fundi wa nakala. Boksi lako la jivu la jikoni liko kwenye ukoo huohuo. Usiruhusu mtu aliite mchezo.

Upande wa bustani za wanyama nitakuwa mkweli zaidi, maana huko fundi akikosea anayeumia ana damu. Mwaka 1907 Carl Hagenbeck alifungua bustani yake karibu na Hamburg akaondoa nondo, akachimba mahandaki kati ya wageni na simba baada ya kupima simba anaruka umbali gani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Seattle, wakajenga makazi ya gorila yenye miti na nyasi za kweli, mgeni ajione yeye ndiye ameingia kwao. Hayo ndiyo mawazo mawili yanayotawala mpaka leo. Wateja wako huko ni watatu. Mnyama anataka kivuli na mahali pa kujificha macho ya watu. Mtunzaji anataka mlango wa pili, na mfereji wa maji machafu usiopita mbele ya wageni. Anayetazama ni wa tatu, na wa tatu abaki wa tatu. Nenda Meserani Snake Park siku yenye jua, na uende bila haraka. Nyoka watazame baadaye. Tazama kwanza milango, mtunzaji anaingilia wapi, kioo kinapigwa na jua saa ngapi, watoto wanaweka mikono wapi. Rudi na michoro ya hayo.

Nafasi za ajira za kudumu ni chache, sitakuficha. Makumbusho ya Taifa huajiri kwa utaratibu wa serikali, kwa matangazo, na ushindani ni mkubwa. Hifadhi za Taifa na Mamlaka ya Ngorongoro wana vituo vya wageni. Makumbusho mapya ya Olduvai yalifunguliwa mwaka 2017, na vituo vya aina hiyo vinahitaji kutunzwa na kufanyiwa marekebisho kila baada ya muda. Fedha nyingi lakini ziko kwenye kazi za mkataba: kambi na lodge, shule, makanisa yanayotimiza miaka mia, na mabanda. Nane Nane pale Themi na maonesho ya utalii ya kila Juni vinakulaza macho wiki mbili, ila banda ni chumba cha makumbusho kinachoishi siku chache. Anayejua kumfanya mkulima asimame dakika tano mbele ya mbegu, huyo anajua kazi yangu.

Sasa nikuoneshe tulipokosea sisi, usipite njia hiyo. Onesho langu la kwanza lilikuwa la ngoma. Niliandika kibao cha maneno karibu mia tatu: aina ya mti, ngozi, kabila, mwaka iliponunuliwa. Nilijivunia. Siku ya ufunguzi nilisimama kando nikatazama watu wakikipita kama wanavyopita tangazo la mnada. Akaja mzee mmoja, akaitazama ngoma, akanigeukia, "Mara ya mwisho ilipigwa lini, na nani alikufa?" Kwenye maneno yangu mia tatu jibu halikuwepo. Nilipokwenda kuuliza nilikotoa ile ngoma, kumbe ilipigwa kwenye msiba wa mzee wa ukoo na haikupigwa tena. Nilikifuta kibao, nikaandika sentensi tatu. Mpaka leo huwa sizidi maneno hamsini, sitini nikishindwa kabisa, na siandiki hata moja kabla sijaweza kusema onesho zima kwa sentensi moja. Wewe uliandika manne. Endelea hivyo.

Katikati ya maandishi iwe kama mita moja na nusu kutoka sakafuni kwa mtu mzima, na chini yake weka kitu kwa ajili ya mtoto na anayekuja kwa kiti cha magurudumu. Kitambaa, karatasi na manyoya havitaki mwanga unaozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Ukiweka kanga ya zamani karibu na dirisha la Arusha, miezi sita itakuwa imepauka na hakuna dawa ya kuirudisha. Kioo kikikurudishia sura yako, kiinamishe kidogo. Mengine utayajua kwa mikono.

Hili lifuatalo nalisema kwa uzito. Usiokote fuvu la swala wala unyoya wala jino njiani Karatu kwa ajili ya kupamba kazi zako. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwa na nyara bila kibali ni kosa la jinai, na hakimu hatakuuliza kama ulikuwa unaunda onesho. Finyanga, tumia jipsamu, magazeti na gundi, fiberglasi ukipata. Na siku ukiruhusiwa kushika wanyama waliokaushwa zamani, vaa glavu na barakoa. Mafundi wa zamani walipaka ngozi aseniki kuzuia wadudu, nayo haijaisha nguvu.

Yule wa Karatu amekuibia. Sitalipamba neno. Mtu aliyejenga mpaka kosa lako la sentimita kumi hawezi kudai alibuni mwenyewe, na kosa hilo ndilo ushahidi wako. Kusanya picha, nakala za michoro kama ulipiga kwa simu, ujumbe mliotumiana, tarehe. Sheria ya hakimiliki nchini inalinda michoro hata kama hukuisajili popote. Mwandikie barua moja ya heshima ukidai malipo ya kazi ya ubunifu, taja kiasi, mpe siku kumi na nne. Asipojibu, tafuta msaada wa kisheria. Arusha haikosi mawakili wanaosaidia bure. Pengine utalipwa, pengine hutalipwa, ila usinyamaze. Kuanzia leo mteja anapata mchoro mmoja wa mkono, bila vipimo, wa kumpa wazo. Vipimo vinatoka baada ya malipo ya awali na karatasi yenye sahihi mbili. Kila ukurasa uwe na jina lako na tarehe.

Mafunzo ya mtandaoni, usilipe. Milioni moja na laki nane ni karibu akiba yako yote, na sijawahi kuona mwajiri wa fani hii akiajiri mtu kwa cheti cha wiki kumi na mbili. Anaomba kuona kazi. Kwa robo ya fedha hiyo utanunua jipsamu, plaiwudi na taa za kutosha kujenga maonesho matatu madogo na kuyapiga picha vizuri. Ukitaka kusoma, soma shahada. Chuo Kikuu Ardhi kina usanifu wa ndani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina akiolojia na urithi. Mimi kwako naona Ardhi inakaa vizuri juu ya stashahada ya ujenzi, ila ukiniuliza nini kimekosekana kwa wabunifu wengi ninaowajua, ni historia. Wanajua kujenga, hawajui cha kusema. Uliza vigezo vya wenye stashahada, na wakati unasubiri andika barua kwa mhifadhi wa makumbusho yoyote uombe kujitolea karakana, siku mbili kwa wiki. Omba karakana, usiombe ofisi.

Kuhusu mjomba, najua ulitumaini nitakuambia ukatae. Chukua hiyo kazi, kwa mwaka mmoja, na mwambie mjomba mapema kwamba ni mwaka mmoja. Mtu mwenye njaa hugawa michoro karatasi kumi na moja kwa neno la "nitakupigia". Mwenye laki nne na nusu ya uhakika anaweza kusema, "Nilipe kwanza." Halafu pale mapokezi utakaa kwenye shule ambayo hulipii: kila siku mgeni atakuuliza jambo kuhusu nchi yako. Nunua daftari, andika kila swali lilivyotamkwa. Baada ya mwaka utakuwa na kitu ambacho makumbusho mengi hayana. Na ongea na bosi wako wa Unga Limited akuachie kona ya karakana Jumamosi, hata kwa kulipia kidogo, mikono isisahau.

Jumamosi moja katika hizo, kabla hujaanza chochote, nenda Makumbusho ya Azimio la Arusha pale karibu na Mnara wa Mwenge. Yako kwenye jengo lenye uhusiano na mkutano wa TANU wa Januari 1967, na mada yake haina mnyama wala dhahabu. Ni maneno na siasa, ndiyo mada ngumu kuliko zote kuionesha. Kaa saa mbili mahali usipomzuia mtu. Chora ramani ya chumba, na kwa kila anayeingia chora mstari anakopita, weka nukta anaposimama, andika sekunde ngapi. Watu ishirini wanatosha. Utashangaa nukta zinarundikana wapi.

Sasa nizungumze kama shangazi.

Baba yako ni mwalimu wa Old Moshi. Mwalimu aliyestaafu hana darasa, na binti yake anakuja kumwambia anataka kufundisha watu kwa mbao na jipsamu, lakini amemwambia kwa lugha ya kazi na mshahara. Amesikia "udongo". Usimpigie simu kumwelezea fani. Panda gari Jumamosi uende nyumbani, mkae mahali mlipozoea kukaa, umwombe akusimulie Mangi Meli, yule mtawala wa Old Moshi. Natumaini unaujua mti wenyewe. Wajerumani walimnyonga pale tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba kule Berlin viliunganisha mafuvu kadhaa na familia zilizo hai Kilimanjaro, lakini lake bado linatafutwa. Wazee wa rika la baba yako wamelibeba jambo hili maisha yao yote.

Mwambie unataka kutengeneza onesho dogo la hadithi hiyo, la kuwekwa shuleni au kanisani, na kwamba huwezi bila yeye. Nawe utakuta ndani yake maswali yote ya kazi hii. Nani ana haki ya kuisimulia? Wajukuu wa ukoo wameulizwa? Utaonesha kitu gani wakati kitu chenyewe kimechukuliwa? Nafasi iliyo wazi inaweza kuoneshwa? Mimi nilishakataa mara mbili kuweka mabaki ya binadamu kwenye kabati, na nitakataa tena. Lakini kabati tupu, lenye taa, kwa urefu wa macho ya mtu mzima, sijawahi kuthubutu kulitengeneza. Pengine wewe na mzee mtathubutu.

Beba futi kamba. Mpime baba yako kutoka sakafuni mpaka machoni akiwa amesimama, kisha akiwa amekaa. Mwombe aiseme hadithi yote kwa sentensi moja. Atakataa, atasema haiwezekani, atasimulia saa nzima. Mwache asimulie, kisha mwombe tena. Akishaitoa, iandike kama alivyoitamka, chini yake andika maelezo yako yasiyozidi maneno hamsini, uyasome mbele yake na umwache asahihishe.

Halafu nitumie hiyo karatasi, yenye masahihisho yake. Nami nitaongeza yangu kwa kalamu ya rangi nyingine.

Shangazi